Kibao cha Sauti na Mgeni wa Mchana

Mama mmoja wa Tabora alikuwa na wana wawili, mmoja wa kukaa na mmoja wa kwenda. Wa kukaa aliitwa Mihayo. Yeye alibaki na nyumba, shamba na mizinga ya nyuki. Wa kwenda alikuwa kaka yake, Kapela, fundi wa mitambo ya redio melini, aliyezunguka dunia hata akajua kusema asante kwa lugha ambazo hawezi kuombea maji. Watu wa namna hiyo tunajuana. Huenda na nywele nyingi na sanduku jepesi, wakarudi kinyume chake.

Kapela aliporudi, baba yao, dereva wa treni, alikuwa amekwisha kufa, na kumbukumbu za mama zilikuwa zimeanza kumtoka. Mama alimtazama mwanawe kwa adabu njema, akamkaribisha kama mgeni, akamuuliza ametokea wapi. Akaagiza aletewe kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma. Kapela akakikalia. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya kulala wageni karibu na stesheni, maana ughaibuni alizoea maji ya moto na kuamka jua likiwa limepanda. Kila siku alikwenda kumwona mama mchana, na kila siku akapewa kiti kile kile. Alimtania Mihayo kwamba hata watu wa uhamiaji hawajapata kumuuliza ametokea wapi mara nyingi kama mama yake mzazi. Mihayo alicheka. Kapela mwenyewe hakucheka.

Akawaza, labda mama akisikia sauti ya baba, atanikumbuka. Alikuwa nayo. Siku zile, aliye mbali hakuandikiwa barua tu. Nyumba nzima ilikaa kuizunguka redio kaseti inayorekodi kanda, mmoja baada ya mwingine akatoa salamu zake kwa sauti ya kanisani, na jogoo akaingilia bila kualikwa. Kanda ile ilimfuata Kapela bandari hadi bandari. Ndani yake baba alimtaja mama, akamtaja Mihayo, kisha akataja jina la mwanawe wa mbali na kunyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri ajibiwe. Kanda ilipoanza kuchoka, Kapela aliihamishia sauti ile kwenye kompyuta ndogo, bodi tupu inayoenea kiganjani.

Lakini kompyuta ile haina mdomo. Ili iseme, hupachikwa kibao cha sauti juu yake, kwa safu mbili za pini, kama mtoto anavyobebwa mgongoni. Kapela aliagiza kibao kutoka Dar es Salaam, kikaja kwa basi, akakipachika. Kompyuta ikasema hakuna kitu. Akakikandamiza, hakuna kitu. Akasafisha pini kwa spiriti, akabadilisha spika, akasoma kwenye simu ushauri wa watu wa nchi za mbali waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Akamlaumu aliyekitengeneza, aliyekiuza na aliyekipakia kwenye buti la basi. Jambo moja hakuligusa, kwa sababu ndilo alilojivunia: kwa kuwa umeme wa pale huja na kuondoka bila kuaga, aliiunga kompyuta yake na betri, isizimike kamwe. Hata kibao alikipachika ikiwa macho vivyo hivyo. Ni huruma ya Mungu kwa mafundi kwamba hakikuungua.

Siku moja akaibeba mitambo yake yote hadi barazani kwa mama, akamlalamikia mdogo wake. Kibao kiko mgongoni, kimeshika, ni kizima, na kompyuta haikitambui. Naye yuko mbele ya mama, mzima, na mama hamtambui. Mihayo alikuwa akikamua masega. Alijibu bila kuinua macho.

"Kaka, mama huuliza nani yupo mara moja tu, akiamka. Wewe huja ameshapima unga wa uji."

Kapela alikuwa amesahau. Baba yao aliendesha treni za usiku, na jamaa wa kutoka vijijini waliingia na kutoka nyumba ile kama kwao. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla hajatoka kitandani, mama aliita: nani yupo? Kila mtu alijibu jina lake na nafasi yake ya kuzaliwa, na hivyo mama akajua apike uji wa watu wangapi. Asiyejibu hakuwepo, hata kama alikuwa amejifunika shuka gubigubi.

Akaitazama kompyuta. Akaizima, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu afike. Akaiwasha tena, kibao kikiwa mgongoni. Nayo huuliza inapoamka tu. Kibao kikajibu, na sauti ya baba ikatoka, na jogoo wake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia Kapela, akasema, "Mungu akulipe, mgeni, kwa kuniletea mume wangu."

Jioni ile Kapela alirudisha ufunguo wa chumba karibu na stesheni. Akalala kwa mama, mkekani, mgongo ukimsuta. Alfajiri sauti nyembamba ikatoka chumbani: nani yupo? Mihayo akajibu, Mihayo, wa pili. Mtu aliyewahi kuita meli nyingine katikati ya dhoruba akajiinua mkekani kwa kiwiko.

"Kapela," akasema. "Wa kwanza."

Kitanda kililia kidogo. Kisha mama akauliza kama bado anapenda uji mwepesi, ule ambao wenzake walikuwa wakimcheka kwa ajili yake.

Mchana ule mama alimwita kwa jina, akamtuma kuni. Alfajiri iliyofuata aliuliza upya, naye akajibu upya, kwa maana aliyejibu jana hajajibu leo.

Basi wewe unayelalamika kwamba kwenu hawakujui tena: walipoamka wakauliza nani yupo, ulikuwa umelala wapi?