Wimbo wa Farasi Aliyeuzwa

Hapo zamani za karibu, kiwanda cha mbao kikiwa kimeshafungwa lakini klabu ya wafanyakazi wake bado ikifunguliwa, kulikuwa na mji mdogo kwenye baridi ya nyanda za juu, ukiitwa Kambi Mbao. Watu wa mji huo walilima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Lakini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ikifika saa kumi na moja jioni, walivaa kofia pana na buti za ngozi, wakaenda klabuni kusikiliza muziki wa kantri ukipigwa na kuimbwa mbele yao. Waliimba habari za farasi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpanda farasi. Waliimba habari za jangwa, na nje matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mgeni akicheka walimwambia, "Kaa kwanza, ndugu, utacheka baadaye." Mgeni akikaa, hakucheka tena.

Klabu ile ilikuwa na desturi ambayo sijaisikia pengine popote. Ukutani, kando ya kaunta, palikuwa na ubao mweusi. Upande mmoja yaliandikwa majina ya nyimbo, upande wa pili majina ya wenye nyimbo. Kila wimbo ulikuwa na mtu mmoja. Ukiwa wako, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuuimba mle ndani, hata kama sauti yake ilikuwa tamu kuliko yako. Mwenye wimbo akifa, wimbo wake ulinyamaza mwaka mzima. Mwaka ukitimia, wanachama walimpa mtu mmoja, na ilibidi wafanye hivyo kabla ya dansi ya mwisho ya jioni hiyo. Dansi ya mwisho ikianza na wimbo haujapata mtu, ulifutwa, usiimbwe tena klabuni.

Niliwahi kuuliza kwa nini sheria ni kali hivyo. Nikajibiwa, "Wimbo wa wote kila mtu huukosea, na hakuna wa kumlaumu."

Basi, palikuwa na mwimbaji mmoja, Githaiga, na wimbo wake ulikuwa "Farasi Aliyeuzwa." Ni wimbo wa mtu aliyemuuza farasi kwa haraka, na sasa kila asubuhi anamsikia akilia shambani kwa jirani. Beti zake ni tatu, na katika wa tatu mtu yule anaomba msamaha. Githaiga aliuimba kwa miaka ishirini na miwili, na alipouimba, watu wazima walitazama ndani ya kofia zao. Kisha Githaiga akapata kiharusi, akalala miezi saba, akafa. Wimbo ukanyamaza. Mwaka ukatimia.

Jioni hiyo klabu ilijaa hadi mlangoni. Mwenyekiti alikuwa Tabutany, mkunga mstaafu. Alikuwa amewapokea nusu ya wanachama walipozaliwa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpandishia sauti. Alichukua chaki, akasimama mbele ya ubao.

"Wimbo wa Githaiga umemaliza mwaka wake," alisema. "Nani anaudai?"

Akasimama Kibiwott, mpiga gita, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya Githaiga miaka yote ishirini na miwili.

"Unaudai kwa nini, Kibiwott?"

"Kwa sababu niliuzaa, mwenyekiti. Maneno yalikuwa ya Githaiga, lakini tuni ni yangu. Niliipata njiani, tukitoka sokoni na gita jipya. Githaiga hakujua kulipiga gita, alijua kulinunua tu."

Watu wakacheka.

"Chekeni. Alipopotea, nilimfuata. Aliposahau, nilizunguka palepale mpaka akakumbuka. Nyinyi mlimtazama yeye, lakini vidole vilivyochubuka ni hivi. Mpiga gita haandikwi ubaoni. Sijawahi kulalamika. Leo nalalamika."

"Sauti yako ni ya jogoo aliyenyeshewa, Kibiwott!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Jogoo huyohuyo amekuchezesha wewe na mkeo tangu mkiwa wachumba!"

Watu wakasema, "Kweli, ni wake."

Akatoka Wamaitha nyuma ya kaunta, akifuta mikono kwa aproni. Huyu alikuwa akiuza vinywaji pale klabuni kwa miaka kumi na tisa.

"Unaudai kwa nini, Wamaitha?"

"Kwa sababu niliuokoa, mama. Kiharusi kilimwachia Githaiga beti mbili. Wa tatu ulipotea. Kibiwott, wewe ulikuwa nao?"

"Mimi nilijua nyuzi," alisema Kibiwott. "Maneno sikuyashika."

"Na nyinyi mliokuwa mkiucheza?"

Wamaitha akawanyoshea kidole waliojaa mbele ya kaunta.

"Hamkuwa nao, na najua sababu. Ubeti wa tatu ukianza ndipo mnakuja kuagiza, kwa maana mnajua wimbo unakaribia kwisha. Kelele zote huwa kwangu. Mimi niliusikia huku nawamiminia, nikaushika. Alipolala kitandani, nilikwenda kwake kila Jumapili kwa miezi saba. Nikimtajia mstari, anaurudia. Mstari mmoja ulichukua Jumapili tatu, mwingine nne. Jumapili ya mwisho aliuimba wote, mwanzo hadi mwisho, na Alhamisi akafariki. Bila mimi mngekuwa mnagombea wimbo uliokatwa miguu."

"Lakini unajua kuimba, Wamaitha?" aliuliza Tabutany.

"Huimba nikiosha glasi. Nyinyi hamsikii kwa sababu mnakuwa mmeshakwenda nyumbani."

Watu wakasema, "Kweli, ni wake."

Tabutany akageukia ubao, na huenda angeanza kupigisha kura kati ya hao wawili. Lakini mlangoni watu walikuwa wakimpisha mtu. Aliingia mwanamke mwenye sweta zito na viatu vya mpira vyenye matope. Alikuwa Nyaguthii, mjane wa Githaiga, ambaye wengi walimwita Mama Mugure. Kila mtu alimjua, kwa kuwa kila alfajiri alipeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika. Ndani ya klabu hakuwahi kukanyaga.

"Karibu, Mama Mugure," alisema Tabutany. "Umekuja kuona wimbo wa mzee wako atapewa nani?"

"Nimekuja kuuchukua."

"Unaudai kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ni wangu tangu mwanzo. Hakukuwa na farasi. Nyinyi mmemwona wapi farasi Kambi Mbao? Alikuwa mtamba. Baba yangu alinipa nilipoolewa, na wakati huo mtamba alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikwenda kumzika shangazi yangu, nikakaa siku tatu. Niliporudi nilikuta zizi tupu, na gita ukutani. Githaiga akaniambia mtamba ameibwa. Gita, akasema, ameazimwa na rafiki. Nilizunguka mji huu mzima nikimtafuta ng'ombe wangu."

Nyaguthii akakunja mikono ya sweta lake.

"Wimbo nilikuwa naujua. Aliuimba akikamua, lakini beti mbili tu, na mimi nilidhani ni wa farasi kama nyinyi mlivyodhani. Mpaka Jumapili ile ya mwisho; nyingine zote nilikuwa kanisani. Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Wamaitha akamtajia mstari, naye akaurudia: doa jeupe begani lenye umbo la jani, na sikio la kushoto lililochanwa na waya, likashonwa. Uji ukaungua. Sikio lile nililishona mimi, kwa sindano ya magunia."

"Ulimuuliza?" Tabutany alisema kwa sauti ya chini.

"Alikuwa amebakiwa na maneno machache. Sikutaka ayamalizie kwenye ugomvi." Akamgeukia mpiga gita. "Lakini mtamba yule alikuwa mkaidi. Hakwenda sokoni na mtu mmoja."

Kibiwott akavua kofia.

"Nilishika kamba," alisema. "Githaiga aliniambia umekubali. Ukweli alinieleza tukirudi, gita likiwa tayari mabegani mwangu. Ile tuni ilinijia baada ya hapo, mama. Si kabla."

Nyaguthii akawageukia watu wote.

"Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mume wangu aliomba msamaha mbele ya watu mia moja. Mkampigia makofi. Mkacheza. Na mimi niliyekuwa naudai msamaha huo nilikuwa nyumbani, nakamua ng'ombe wengine. Msamaha wangu mmeucheza miaka ishirini na miwili. Sasa nipeni."

Mara hii watu walichelewa. Kisha mmoja akasema, na wa pili, na wote: "Kweli, ni wake."

"Ukipewa, utauimba?" aliuliza Tabutany.

"Hilo nitaliamua ukishakuwa wangu."

"Unaweza kuunyamazisha?"

"Naweza."

Klabu ikafoka. Mwanamume mmoja mnene akasimama juu ya benchi. "Mama Mugure, usituulie wimbo! Mimi nilimwomba mke wangu uchumba kwa wimbo huo!"

"Wewe ulinisaidia kumtafuta mtamba?"

"Nilikusaidia, mama. Siku mbili, mpaka kule mtoni. Nikapoteza kiatu."

"Basi na wewe ulidanganywa. Keti."

Akaketi.

Mwingine akapendekeza wagawane: mmoja apige, mmoja aimbe, mmoja asikilize. Tabutany akatikisa kichwa. Ubao ulikuwa na nafasi ya jina moja, na mwenye jina ndiye husema wimbo uimbwe au usiimbwe. Wenye jina wawili wasipopatana, nani atasema?

Ilikuwa inakaribia saa mbili, na dansi ya mwisho hupigwa saa mbili kamili. Tabutany akakuna paji la uso kwa chaki, likabaki na mstari mweupe, na hakuna aliyemwambia.

"Nitawauliza jambo moja," alisema. "Kibiwott, kama si wewe, nani?"

"Kama si mimi, Wamaitha. Angalau utaimbwa wote, nami nitampigia."

"Kwa nini si Mama Mugure, na wewe ndiwe uliyeshika kamba ya mtamba wake?"

Kibiwott alizungusha kofia mikononi. "Najua ananidai msamaha. Kitu kingine chochote akikitaka kwangu nitampa. Lakini akiunyamazisha, mwenyekiti, duniani sijatengeneza kingine."

"Wamaitha, kama si wewe, nani?"

"Kama si mimi, Mama Mugure, hata akiufukia. Niliingia nyumbani kwake kila Jumapili na mistari ile mdomoni, bila kujua nimebeba nini."

"Mama Mugure, kama si wewe, nani?"

Nyaguthii akacheka, na waliokuwapo wanasema hakikuwa kicheko kibaya.

"Mtamba wangu aliuzwa bila kuniuliza. Gita likanunuliwa bila kuniuliza. Wimbo ukatungwa, ukachezwa, ukafundishwa chumbani kwangu bila kuniuliza. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa kitu, na mnachoniuliza ni nimpe nani mwingine?"

Wapiga vyombo walikuwa wameshapanda jukwaani. Mpiga ngoma alimtazama Tabutany, Tabutany alitazama ubao.

Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi. Nimewahi kuisimulia mbele ya wapiga gita, wakasema bila tuni maneno yale yangekuwa malalamiko ya mtu anayekamua ng'ombe. Nimeisimulia mbele ya wauguzi, wakamtaka Wamaitha, kwa kuwa wanajua Jumapili thelathini kando ya kitanda ni nini. Wajane wengi walimtaka Nyaguthii, lakini si wote. Mmoja aliniambia, "Mimi ningempa Kibiwott, kisha ningemtaka aje kuupiga mlangoni kwangu kila mwezi mpaka nichoke." Na mzee mmoja alisema heri ufutwe, kwa sababu wimbo ule ulianza kwa uongo. Nilimuuliza kama anaujua wimbo wowote ulioanza vingine. Akafikiri, akaagiza chai. Mimi mwenyewe nimebadili jibu mara tatu, na sioni aibu.

Sasa ni zamu yenu mlioketi hapa. Mmoja aliupa tuni, na mikono yake ilishika kamba. Mmoja aliurudisha mstari kwa mstari, na kwa wema wake akafungua kidonda asichokijua. Mmoja ndiye aliyeombwa msamaha humo ndani miaka yote, na hakualikwa kuusikia. Ukimpa wa kwanza au wa pili, mjane anarudi nyumbani mikono mitupu tena. Ukimpa yeye, huenda hakuna atakayeusikia wimbo ule tena. Usipompa yeyote, wimbo unafutwa, na zimebaki dakika mbili.

Je, wimbo ni wa nani? Shika chaki: unaandika jina gani?