Nondo Thelathini na Sita

Soma mpaka chini, usiruke. Haya ninayokuandikia sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo tangu zege linamwagwa mpaka bati la mwisho linapigiliwa misumari, na kama kuna mtu wa mtaani kwetu hapa Makambako atakayesema vingine, mwambie akaulize ngazi iliazimwa kwa nani. Ngazi ni yangu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini macho yangu hayajaacha kitu kikapita bure.

Mzee Kaduma alikuwa mpasua mbao. Miaka thelathini aliingia misituni na kutoka, mbao zake zikaenda kuezeka nyumba za watu, yeye na mkewe Salome wakiwa kwenye chumba cha kupanga. Alipopata kiwanja akaapa kwamba juu ya kichwa chake haitakaa mbao hata moja. Litakaa zege.

Siku ya kumwaga zege mtaa mzima tulibeba ndoo. Mimi nilibeba mia mbili, wengine wakijitahidi sana arobaini. Juu kabisa alisimama Obadia, mtoto wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na mgongo mpana, akisawazisha kwa koleo. Nguzo tisa zilitoboa lile zege, na kila nguzo ikaachiwa nondo nne zimesimama, urefu wa mtu mzima, kama wanavyofanya wenye nyumba wote wanaotazamia kupandisha juu Mungu akijalia. Nne mara tisa, piga mwenyewe.

Jioni Obadia alijifuta jasho akamwambia baba yake mbele yetu sote:

"Baba, hapa juu usipaguse. Hapa ni pangu. Naondoka, na nikirudi narudi na ghorofa. Wewe na mama mtakaa juu, muuone mji mzima mpaka relini."

Mama yake alimwambia asichelewe. Akasema hachelewi.

Wiki ya pili akadandia lori la kwenda Tunduma. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili akawa anapiga sikukuu kwa sikukuu. Mwaka wa tatu namba yake ikawa haipatikani, na haikupatikana tena. Madereva waliokuwa wakipita walisema wamemwona huko mpakani, mzima, anapakia na kupakua mizigo. Basi habari zikawa hizo tu, ni mzima. Miaka kumi na moja.

Sasa nikwambie alivyokuwa akiishi Mzee Kaduma hiyo miaka. Kila kiangazi alipanda juu na brashi ya waya na kopo la oili chafu aliyoomba gereji. Alisugua kutu nondo moja baada ya nyingine, kisha akazipaka oili taratibu kwa kitambaa, kama mtu anavyompaka mtoto mafuta akitoka kuoga. Juu ya kila nondo akavika kopo tupu la maziwa, maji yasiingie kichwani. Upepo wa Makambako unaujua. Ukivuma, yale makopo yaligongana mchana kutwa, na majirani wa mbali wakadhani pale pana kanisa.

Alimalizia kila mara kwenye nguzo ya pembeni, ile inayotazama barabara kuu. Hapo alikaa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Aliyatazama malori yanayotoka Tunduma, na kila lililopunguza mwendo alisimama. Akishuka alimwambia mkewe kwamba alikuwa anakagua nyufa. Salome hakumwuliza amezikagua ngapi. Yeye mwenyewe alipanda huko kuanika nguo kwenye kamba iliyofungwa nondo hadi nondo, na nguo zake zilichukua muda mrefu kuanikwa vilevile.

Hata kunguru alikuja akajenga kiota kwenye ile nguzo ya pembeni, kiota cha vipande vya waya wa kufungia nondo. Mzee alimpelekea matonge ya ugali. Alisema angalau ghorofani kumepata mpangaji.

Watu hawakosi maneno. Nyumba ikaitwa Kwa Mzee Nondo. Wakimkuta njiani walimuuliza ghorofa limefikia wapi, naye akajibu kwa upole kwamba linakuja na mwenyewe. Mimi, ambaye kwa utani hapa mtaani sina mpinzani, nilikaa pale mashine ya kusaga nikatunga kubwa kuliko yote. Nilisema yule mzee anangoja ghorofa lije kwa miguu yake. Walicheka wiki nzima. Hata waliokuja kusaga debe moja walilibeba hilo neno wakaondoka nalo.

Halafu zege likaanza kuvuja.

Lilianzia stoo, likaja sebuleni, masika ya mwaka jana likafika juu ya kitanda. Mzee alipiga lami, alipiga saruji ya maji, alitandika turubai akalikandamiza kwa mawe. Upepo ukalibeba turubai lote na kwenda kulivalisha banda la nguruwe la mwalimu Mhema. Mabeseni yakatandazwa ndani kama vile wanauza. Kuta zikaota ukungu wa kijani, na Salome akaanza kukohoa.

Kikohozi cha kwanza walikipa tangawizi. Cha pili wakakipeleka zahanati. Kilipofika cha tatu mganga aliacha kuandika, akamtazama Mzee Kaduma, akamwambia dawa atampa, lakini mama huyu akipita masika mengine kwenye ule unyevu, asije tena kumuuliza yeye kuhusu dawa.

Mzee alirudi nyumbani akamwita fundi Ngailo.

Ngailo ni mtu wa maneno machache, ndiyo maana hatuelewani sana. Alipanda na ngazi yangu, akainama kwenye nguzo moja, akachokoa kwa msumari, akaenda nyingine, akachokoa, mpaka zote tisa. Kisha akamwita Mzee aje aone. Pale nondo inapotokea kwenye zege palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na uzi huo ulikuwa na maji.

"Mzee, mvua inashukia humu," alisema. "Inafuata nondo inaingia ndani. Oili unapaka juu, chini zimeoza."

Mzee aliuliza dawa yake. Fundi akasema ni kuzikata zote usawa wa zege, kuziba, na kuezeka bati juu yake. Mzee akauliza kama haziwezi kukunjwa tu, zilale, siku ikifika zinyooshwe. Fundi akasema nondo iliyooza ukiikunja leo, kesho ukiinyoosha inabaki mkononi.

"Basi niachie nguzo moja," Mzee alisema. "Ile ya pembeni. Inayoonekana barabarani."

"Moja inatosha kulowesha nyumba nzima, Mzee."

Mzee Kaduma alishuka, akakaa kwenye kigoda uani siku tatu. Nakwambia siku tatu, mawingu yanajikusanya upande wa Njombe, fundi kaweka kenchi zake za kubebea bati tayari, na mzee amekaa. Alikuwa anawaza jambo moja tu. Kijana alisema hapa juu usipaguse. Akirudi akute pameguswa, atajua kwamba baba yake alichoka kumngoja. Hizo nondo ndizo zilizokuwa zikimwambia kila anayepita kwamba nyumba hii bado ina mtu wake njiani. Ukizikata, umeshasema hana njia.

Na ndani, mkewe anakohoa.

Siku ya tatu Salome alitoka na shuka mabegani, akasimama mbele yake.

"Baba Obadia, mimi ndiye niliyembeba tumboni," alisema. "Nikikwambia kata, kata."

Fundi alileta grenda, mashine ya kukatia chuma. Mzee akaikataa. Alipanda mwenyewe na msumeno wa chuma, akazikata moja moja kwa mkono, thelathini na sita, siku mbili kamili. Mimi nilishika ngazi. Kila nondo iliyokatika aliivua kopo lake, akaipangusa, akaishusha kwa kamba badala ya kuitupa. Kwenye nguzo ya pembeni alikinyanyua kile kiota kwa mikono miwili, akakihamishia kwenye mti wa jirani, kunguru akimtukana. Nondo ya mwisho ilipokatika aliishikilia muda, akatazama barabara kuu. Kisha akaniambia niishike vizuri ngazi, wakati ngazi ilikuwa imeshikwa vizuri sana.

Nondo zile hazikuuzwa. Alizilaza chini ya kitanda.

Bati likapanda, jekundu, likameta mpaka barabarani. Mvua ya kwanza ikanyesha alasiri moja, na Salome akakaa kitandani kwake mabeseni yote yamefunikwa, akisikiliza. Mzee alimuuliza vipi. Akasema ni pakavu, lakini makopo yamenyamaza.

Siku ya tisa baada ya bati nilikwenda kuchukua ngazi yangu. Mzee alikuwa juu yake, anarekebisha mfereji wa kukingia maji, kwa hiyo nikangoja. Mtu mmoja mwembamba akaja akasimama kwenye uzio, ndevu nyingi, begi moja.

"Kamwene, baba," alisalimia, kama tunavyosalimiana huku.

Mzee aliitikia bila kugeuka. Kila kijana wa mjini anamwita baba.

"Zile nondo ziko wapi?"

Hapo aligeuka. Alishuka vipandio vyote bila kuvitazama, akafika chini, akasimama. Miaka kumi na moja alikuwa na maneno aliyoyapanga. Yaliyotoka siyo hayo.

"Nimezikata, mwanangu," alisema. "Mama yako kifua. Maji yalikuwa yanaingia. Ningeweza kungoja ningengoja. Nisamehe."

Obadia aliliweka begi chini, akakaa juu ya mabaki ya mbao. Aliongea akitazama miguu yake. Alisema amefika hapa mara tatu. Alikuwa utingo wa malori, na kila lori lilipolala Makambako alitembea mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mara ya kwanza aliziona nondo zimesimama zote, zinang'aa oili, zimevikwa makopo. Akahesabu alichonacho, kilikuwa begi. Akageuka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alijikaza, akamuuliza mtu aliyekaa pale mashineni kama mzee wa nyumba ile hajambo.

"Akaniambia hajambo, anangoja ghorofa lije kwa miguu yake," Obadia alisema. "Nikaitazama miguu yangu, baba. Nikarudi kwenye lori."

Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Sikuiachia. Mtu yule mwenye ndevu nilimkumbuka, na nilikumbuka pia kwamba nilipomjibu nilicheka.

"Leo nimepita nikaona bati jekundu," Obadia aliendelea. "Nikasema basi, hawalingoji tena ghorofa. Sasa naweza kuingia."

Mzee Kaduma alitazama juu, kwenye bati.

"Nilizipaka oili kila mwaka," alisema, "ujue tunakungoja."

"Mimi nilijua mnangoja ghorofa."

Salome alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi. Hakupiga yowe kama ambavyo ningetarajia. Alimwendea mwanawe, akamshika bega, akaliminya kidogo, kama mtu anayegusa nguo kwenye kamba kuona kama imekauka.

"Vua viatu," alimwambia. "Ndani pakavu."

Akavua.

Obadia yupo hadi leo, anapasua mbao na baba yake. Zile nondo alizitoa chini ya kitanda akazipeleka kwa mchomeleaji, na sasa ni nguzo za kuanikia nguo, zimesimama uani, fupi, makopo ya maziwa juu yake. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka makopo yarudi. Kikohozi kimepungua.

Sasa kwa kuwa nimekuahidi ukweli, niseme na hili. Kunguru hakuwepo. Nimemweka mimi, maana nondo tupu zinachosha macho ya msomaji. La pale mashineni ndilo ningetamani liwe nimelitunga, lakini hilo lilitokea. Ukimaliza kusoma, mpelekee mmoja aliye mbali na kwao na mmoja aliyebaki anangoja.

Funzo: Unayemngoja mwambie wazi kwamba unamngoja yeye, siyo alichoahidi kuja nacho, nawe uliye mbali, rudi na miguu yako tu, maana ndiyo wanayoisikilizia mlangoni.