Kwa Nini Shujaa Huulizwa Alikoogopa

Sogeeni, wajukuu zangu, na yule mwenye kikohozi akae karibu na moto. Haya ni ya zamani, kisima cha juu kilikuwa hakijachimbwa, na watu wa kilima cha Irango waliteremka kuchota maji ukingoni mwa bwawa la mafunjo. Nawapa kama nilivyopewa na bibi yangu, naye alipewa na wa kwake.

Wakati huo, mwanamume aliyetaka kuitwa shujaa alikuwa na kazi moja tu: kusema. Alisimama mbele ya Mukama, yaani mfalme wetu, akachomeka mkuki ardhini, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha akasema aliyoyafanya na atakayoyafanya. Watu wakaitikia, "Eee." Akimaliza alipewa kibuyu cha lubisi, ile pombe ya ndizi, anywe yeye kwanza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kumuuliza mtu aliyejigamba kulikuwa sawa na kumtukana. Jambo likishasemwa pale penye mkuki lilihesabiwa limetendeka, hata kama mwenyewe hajatoka uani.

Sasa, bwawani kulikuwa na kitu. Hakuna aliyemwona akarudi kueleza ana miguu mingapi. Watu walimwita Mwitaji, kwa kuwa kuita ndiko kulikomjulisha. Kiangazi, ukungu ulipopanda asubuhi na kulala juu ya mafunjo mpaka jua la utosi, yeye aliita kutoka humo. Na hakuita kwa sauti yake. Aliita kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumchukua. Mwanamke anainama na mtungi wake, anamsikia mume aliyepotea juzi, sauti ileile, mpaka namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema. Sauti inamwambia, "Nipe mkono nitoke, mke wangu, miguu imezama." Akiitikia tu, basi. Mtungi utakutwa umesimama wima, umejaa, na kata iko juu yake. Kesho ukungu utaita kwa sauti ya yule mwanamke.

Kiangazi kimoja walichukuliwa watu saba. Na maji hayakuwa mahali pengine.

Mukama akafanya karamu, akasema anataka mtu wa kuingia bwawani. Wanaume wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Ndipo akasimama Rweyongeza. Huyu alikuwa mrefu, mwenye shingo nzuri, na hakuna aliyemshinda kujigamba katika vilima vyote vinavyoonekana kutoka Irango. Akachomeka mkuki. "Mimi ndimi Rweyongeza," akasema, "nisiyegeuza kisogo. Mimi ninayeingia mahali pa wengine kutokea. Nitamleta huyo Mwitaji nikimburura kwa nywele, na mke wangu atazisuka ziwe mkeka." Alisema kwa sauti ya kupasua, ikateremka mteremko mzima mpaka majini. Bwawa nalo lilisikia. Hilo hawakulifikiria.

Rweyongeza alikuwa na mwenzake aitwaye Kahigi. Walikuwa wameapishana udugu wa damu: walichanjana kidogo tumboni, wakapaka ile damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Watu wakishafanya hivyo, mmoja hawezi kwenda kwenye hatari peke yake. Kahigi alikuwa na kigugumizi. Maisha yake yote hakuwahi kujigamba, na kibuyu cha kwanza hakuwahi kukigusa. Aliposimama kusema kwamba atakwenda na ndugu yake, mzee mmoja mcheshi akamwambia, "Kaa, baba. Mpaka umalize jina la babu yako, pombe hii itakuwa siki." Watu wakacheka, na Kahigi mwenyewe akacheka. Kisha akaenda kusokota kamba.

Aliisokota kwa nyuzi za mgomba, yeye na mkewe Kemilembe. Asubuhi iliyofuata wanaume wale wawili walijifunga, ncha moja kiunoni mwa huyu na nyingine kiunoni mwa yule, ili atakayeitwa ashikwe na mwenzake. Wakaingia katika ukungu. Watu waliobaki ukingoni waliona migongo, kisha vichwa, kisha weupe mtupu.

Hapa bibi yangu alikuwa akiacha kumenya ndizi.

Maji yalifika magotini, kisha kiunoni. Vyura walinyamaza, wote kwa pamoja, kama watu walioingiliwa na mgeni. Wale saba waliochukuliwa wakaita, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kama jirani anayepitia kuomba moto. Wanaume hawakujibu. Maji yakafika kifuani. Ndipo sauti ya nane ikatoka mbele yao, karibu kabisa, na ilikuwa sauti ya Rweyongeza mwenyewe. "Mimi ndimi Rweyongeza," ilisema, "nisiyegeuza kisogo." Ikaendelea na majigambo yote, neno kwa neno, bila kukosea pumzi. Na Rweyongeza akajikuta anakwenda. Si kwamba alivutwa. Alikuwa anakwenda kama mtu anayerudi kwake.

Kahigi akapita mbele yake akamzuia. Kwa hiyo aliyeshikwa ni Kahigi. Kamba ikakaza ghafla, Rweyongeza akaburutwa hatua mbili, tatu, na katika weupe ule akamsikia ndugu yake akisema, "Rwe... Rwe... Rweyongeza, shika." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba kushikiwa mzigo.

Rweyongeza akachomoa kisu, akakata kamba.

Alitokea upande mwingine wa ukingo, peke yake. Kabla ya kupanda kilima aling'oa fungu la mizizi myeusi ya majini, mirefu, inayoteleza kama nywele. Akafika mbele ya Mukama akaitupa chini. "Nimemuua," akasema. "Kahigi amekufa kiume." Hakuna aliyemuuliza kitu. Nimekwisha waambia kwamba haikuwa desturi. Akapewa kibuyu, akanywa. Kemilembe akanyoa nywele za msiba.

Siku nne bwawa lilikaa kimya, watu wakachota maji wakiimba. Siku ya tano ukungu ukapanda, na kutoka kwenye mafunjo ikasikika sauti. "Rwe... Rwe... Rweyongeza, shika."

Watu walisema ni mwangwi. Mwangwi wa nini, hawakusema. Wakamsifu Rweyongeza zaidi, jinsi mtu anavyoongeza kuni anapohisi baridi. Lakini kila aliposifiwa, asubuhi yake sauti ilikuwa imesogea. Ilitoka kwenye mafunjo ikaja ukingoni pa kuchotea maji. Ikatoka ukingoni ikaja kwenye migomba ya chini. Wakati wa mchana, jua likiwa mahali fulani juu ya ule weupe, ungeweza kusikia majani ya migomba yakidondosha maji na mtu akijitahidi kulitamka jina moja. Rweyongeza akaacha kula.

Siku ya tisa Mukama alikusanya watu ili ampe Rweyongeza sehemu ya nchi na jina jipya. Ukungu ulikuwa umefika ndani ya ua. Rweyongeza akachomeka mkuki, akafungua mdomo, na nyuma tu ya ukuta wa matete sauti ya Kahigi ikaita. Mara hii haikumwita yeye. "Ke... Kemilembe," ilisema. "Njoo unifungue kamba."

Kemilembe alikuwa amekaa na wanawake. Akasimama, akakung'uta nguo yake ya gome la mti, akaenda mpaka penye mkuki. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Shemeji," akamwambia Rweyongeza, "wewe ulisema umemuua Mwitaji."

"Nilisema."

"Basi huyu anayeniita si Mwitaji. Ni mume wangu, yu hai, nami nakwenda kumjibu."

"Usiende, shemeji."

"Kwa nini nisiende? Ulimuua au hukumuua?"

Kemilembe akageuka kuelekea lango. Alikwisha kuvuta pumzi ya kuitikia, wanawake walimwona kifua kikipanda, wakaziba nyuso zao.

"Nilimwogopa," Rweyongeza akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, si ile ya karamu. Mukama akainama mbele ili asikie. Kemilembe akasimama palepale langoni, akamgeukia, akamuuliza lile ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza mwanamume pale penye mkuki.

"Uliogopa wapi?"

"Maji yalipofika kifuani," akasema Rweyongeza. "Aliniita kwa sauti yangu, Kahigi akanizuia, akashikwa yeye. Akaniambia nishike. Nikakata kamba. Zile nilizoleta zilikuwa mizizi, si nywele. Sikumwona hata huyo Mwitaji. Niliona ukungu."

Hakuna aliyeitikia "Eee". Nyuma ya ukuta wa matete sauti ilianza, "Ke...", ikakatika, kama mtu aliyepigwa na butwaa. Yule mzee mcheshi wa siku ile alikuwa analia bila kujificha.

Kemilembe hakulia. "Kipande chako cha kamba kiko wapi?" akamuuliza.

"Ninacho. Sijaweza kukifungua."

Na kweli, alipofunua nguo, kilikuwa kiunoni mwake, kimekaza mpaka ngozi imevimba pande zote mbili. Kemilembe akaleta kamba nyingine ndefu, akaiunga hapo. "Mimi nitashika huku," akasema. "Nenda uniletee mwenzako. Ukiikata hii nitajua."

Rweyongeza aliuacha mkuki umesimama uani, akateremka mikono mitupu. Wote walimfuata mpaka ukingoni, hata Mukama, ambaye miguu yake haikuwahi kukanyaga tope lile. Kemilembe akajizungushia kamba kiganjani. Mgongo, kichwa, weupe.

Aliyoyakuta huko aliyasimulia mara moja tu. Maji yalipofika kifuani, vyura walinyamaza, na sauti yake mwenyewe ikamjia usoni. "Mimi ndimi Rweyongeza, nisiyegeuza kisogo." Alitetemeka mpaka maji yakafanya mawimbi. Akajibu, "Huyo simjui. Mimi ni yule aliyekata kamba." Sauti ikarudia, polepole zaidi, ikitafuta. Naye akajibu vilevile. Mara ya tatu ilifika kwenye jina la baba yake ikakwama, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake, akafunguliwa na watu asiowajua. Kisha kitu kikubwa kikampita majini, kikamgusa mapajani kwa upande wake wote, kirefu kisichokwisha, baridi, bila kumshika. Alisimama mpaka kikaisha. Alihesabu pumzi zake akapoteza hesabu.

Akapapasa chini ya maji akapata ncha iliyokatwa ya kamba ya Kahigi. Akaivuta, ikaja kwa urahisi. Kahigi alikuwa mwishoni mwake. Siku tisa majini, na maji hayakuwa yamemfanya chochote, hata unyevu wa kope ulikuwa wa mtu aliyelala. Mkono wake mmoja ulikuwa umeishika ile kamba.

Ukingoni, Kemilembe alihisi mvuto mdogo. Akaanza kuvuta, wanawake wakamsaidia, kisha Mukama naye akashika. Walitoka wote wawili, mzima amembeba maiti mgongoni. Ukungu ukainuka nyuma yao hata kabla ya jua la utosi, na watu wakaliona bwawa lilivyo: majani tu, maji, ndege mmoja mweupe.

Walimzika Kahigi mbele ya nyumba ya Mukama, mahali pa mikuki. Kibuyu cha kwanza kilimiminwa juu yake. Kisha Mukama akataka kumfukuza Rweyongeza nchini, na ilikuwa haki yake. Ila Kemilembe alijaza kibuyu cha pili akampelekea Rweyongeza mwenyewe, kwa mikono miwili. "Sijakusamehe," akamwambia. "Kunywa." Na wakati anakunywa, watu waliona kwamba shingo yake ile nzuri ilikuwa na mvi chini ya masikio. Hakujigamba tena. Lakini waliokuwa na jambo la hatari walimfuata yeye kwanza, mpaka alipozeeka.

Mwitaji hakuuawa. Msije mkadanganyana huko nje kwamba bibi alisema aliuawa.

Na tangu siku hiyo, kwetu Irango, mtu akisimama penye mkuki akamaliza majigambo yake, kibuyu hakitoki mpaka mwanamke mmoja aulize kutoka nyuma, "Na uliogopa wapi?" Naye lazima ajibu, ataje mahali. Babu yenu aliporudi vitani aliulizwa, akanyamaza. Karamu tatu alinyamaza, na kibuyu kilimpita. Ya nne akajibu. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeuliza, na alichosema hakitatoka kwangu. Ila alikunywa siku ile, akalala usingizi wa kwanza tangu arudi.

Wako pia wanaosema hawajawahi kuogopa popote. Hatubishani nao. Tunawaacha wakae, tunawapa chakula kama wengine. Ila siku za ukungu, hao hatuwatumi majini.