Sufuria ya Mwalimu Mkuu

Mpiga baragumu naye ana sufuria. Methali hiyo mmeisikia kwangu asubuhi, kiranja wenu alipofokea wachelewaji na yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaingia getini. Mkacheka, mkauliza baragumu na sufuria vimekutana wapi. Haya, sogeeni. Na wewe mwanangu uliyechaguliwa juzi kuwa mpiga kengele, kaa karibu zaidi, maana hofu yangu ni kwako.

Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, katika kijiji cha Vudiani, alikuja mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Naetwe. Alikuwa bado kijana, mwenye bidii, na aliipenda shule kwelikweli. Lakini aliikuta pabaya. Mvua za masika zilikuwa zimeangusha kilima na kufukia mfereji wa maji, na watoto wakawa wanateremka korongoni na ndoo. Uji haukupikwa tena. Wakubwa wa elimu wakasema, maji yasipofika kabla ya muhula mpya, madarasa ya juu yatahamishiwa shule ya tambarare, mwendo wa kutoka alfajiri. Naetwe akaapa moyoni: hawahami watoto hawa.

Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe. Nyumba isiyotoa mtu, huchukuliwa sufuria jikoni, irudishwe mwenyewe atakapokuja kuchimba. Wazee walikuwa wakiilegeza sheria hiyo. Naetwe akaisoma upya mkutanoni, akaikaza. Mzee Sekiete, mtunza baragumu, akalipiga kwa agizo lake, watu wakajaa mferejini.

Naetwe naye alifika, na viatu vyake vyeusi vinang'aa. Akasimama ukingoni, akatazama nani yupo na nani hayupo, akarudi ofisini. Kesho yake vilevile. Siku Mama Kadeghe alipokosekana, akatuma watu wakachukue sufuria. Hakuuliza sababu. Kumbe mama yule mjane alikuwa amekesha na mtoto mwenye homa. Wanawe wakala ndizi za kuchoma.

Hakuna aliyegomba. Ila majembe yakaanza kuwa mazito. Watu wakawa wanafika jua limeshapanda, wanachimba kidogo, wanaegemea mipini. Naetwe akaliona hilo, akazidi kukaza. Hakujua la kufanya jingine, maskini. Muhula ulikuwa unakaribia na mfereji haujafika hata kwenye mgomba wa kwanza wa shule.

Asubuhi moja baragumu lilishalia, yeye akabaki akimalizia kazi za ofisi. Akapita nyumbani achemshe chai. Mafiga yapo, kuni zipo, sufuria hakuna.

Akateremka mferejini mbiombio. Akaiona sufuria yake juu ya kifusi, imefunikwa kifuniko vizuri, kama mgeni aliyekaribishwa.

"Nani kachukua sufuria yangu?"

Majembe yakatulia.

"Mwalimu," Mzee Sekiete akasema, "hata salamu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa uliza."

"Nimechukua mimi," Mama Kadeghe akajibu, bado ameinama.

"Kwa sheria ipi, mama?"

"Hiyo hiyo uliyotusomea mkutanoni. Kila nyumba itoe mtu. Nyumba yako leo imemtoa nani?"

"Mimi ni mwalimu mkuu! Nilikuwa na kazi ofisini."

"Na mimi nilikuwa na mtoto wa homa."

Sauti ikatoka nyuma: "Hiyo ofisi nayo inaumwa?" Kicheko kikapita mfereji mzima.

Naetwe akahisi uso unawaka. Angeweza kupanda hadi ofisi ya kijiji akawashtaki, na angesikilizwa. Lakini akawatazama wale watu, akaona kwamba akigeuka tu mgongo, majembe yatabebwa kwenda nyumbani na maji hayatakuja. Atakuwa ameshinda kesi na kupoteza shule. Tena akakumbuka alivyosikia kwamba wana wa mama yule walikula ndizi za kuchoma. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akavua viatu, akaviweka kando ya sufuria.

"Pole, Mama Kadeghe. Ilinipasa niulize kwanza. Nipeni jembe."

Mama Kadeghe akampa la kwake. "Shika chini kidogo, mwanangu. Utajipiga ugoko."

Akachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku hiyo hakuna aliyeegemea mpini. Nani aegemee, na mwalimu mkuu matope yamempanda magotini? Jioni Mzee Sekiete akamletea sufuria yake. Akakataa.

"Bado, mzee. Nilichelewa kufika. Nitaichukua kesho nikiwahi."

"Na leo utapikia nini?" Mama Kadeghe akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi njoo kwangu. Yangu nimesharudishiwa."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine.

Kesho yake baragumu lilipolia, Naetwe alikuwa tayari mferejini. Na nyumba ikikosa mtu, alikwenda yeye mwenyewe kuuliza wana nini, kabla mkono wa mtu haujagusa sufuria. Sheria haikulegea, wanangu, ila ilipata macho. Muhula ulipofunguliwa, maji yalikuwa yanaimba nyuma ya jiko la shule, uji unachemka, na darasa la saba limekaa kwenye madawati yake.

Basi wewe mwanangu, kesho utakabidhiwa kengele. Ipige, wala usiogope. Lakini ikishalia, wa kwanza kukimbia mstarini uwe wewe, na aliyechelewa muulize kwanza ametoka wapi. Usipofanya hivyo, watakuja jikoni kwako nao, na kicheko chao hutakipenda. Mpiga baragumu naye ana sufuria.