Kitufe Nyuma ya Jeki

Hapo zamani, si zamani za mababu, zamani hizi hizi za gari kuwaka kwa ufunguo, Mhando alikuwa akienda kuoa. Nasema alikuwa akienda. Kufika ni habari nyingine. Mzee Kaoneka, baba wa Mwajabu, alishatamka mbele za watu: "Adhana ya adhuhuri ikinikuta sina mkwe, binamu yake Mwajabu huyo hapo mkekani. Namwozesha yeye."

Usukani aliushika Semboja, mwenye gari. Kando yake Kilua, mpambe wa bwana harusi. Nyuma, shangazi Mwantumu na Mhando mwenyewe, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama bila mtu. Sasa sikieni utamu: Semboja naye aliwahi kumposa Mwajabu, akakataliwa. Na Mhando akapanda gari lake! Mimi ningetembea.

Njiani, paa! Shimo. Gari likazimika. Semboja akazungusha ufunguo. Injini inakohoa tu, haishiki. Petroli ipo, nusu tangi.

"Shimo lote lile hukuliona?" Mhando akauliza.

"Lilijaa maji, bwana harusi."

"Na maji hukuyaona?"

Semboja akakunja mikono, kimya. Mhando akamkodolea kisogo. Wallahi, kisogo kile kilikuwa kinatabasamu. Jasho likamtoka, akaapa: "Atakayeliwasha gari hili, ndiye atakayempa jina mwanangu wa kwanza!"

Shangazi akainua kidole. "Hebu zungusha tena, kidogo tu. Eh! Siku zote nikikaa hapa, kabla gari halijawaka, nasikia nyuki chini ya makalio. Leo nyuki wamenyamaza."

"Hiyo pampu ya petroli, shangazi!" Kilua akaruka. "Gari likipata kishindo kuna kitufe kinachomoka, kinakata mafuta, lisije likaungua. Tukitafute tukirudishe!" Akalala topeni na suti yake, akanusa uvunguni: hakuna kinachovuja. Akapapasa chini ya dashibodi, chini ya viti. Hola.

Jua likazidi kupanda. Ndipo Semboja akashuka, taratibu, taratibu ya mtu asiye na harusi. Akafungua buti, akainua zulia, akasogeza jeki, akabonyeza. Tak! Akarudi, akazungusha ufunguo, nyuki wakalia. Gari likawaka.

"Kumbe ulijua kilipo!" Mhando akafoka.

"Gari langu, nisijue?"

"Mbona ulikaa kimya?"

"Kwani uliniuliza? Wewe ulikuwa unanishitaki tu."

Wakafika muadhini anasafisha koo. Mhando akaoa.

Mtoto akazaliwa. Siku ya akika wakaja wote watatu.

Shangazi akasema, "Bila sikio langu mngekuwa bado mmekwama. Jina ni langu."

Kilua akasema, "Bila mimi, nyuki wako ungewapulizia moshi. Jina ni langu."

Semboja akasema, "Nyie mlisema, mimi nilibonyeza. Gari haliwaki kwa hotuba. Na kama nilitaka akose mke, si ningebaki nimekunja mikono? Jina ni langu."

Mhando akamgeukia mkewe. Mwajabu hakuinua uso, alikuwa akimfunika mtoto. Akasema polepole, "Si uliapa, atakayeliwasha?"

Moyo wa Mhando, paa! Kama lile shimo.

Mbuzi kafungwa, kisu kimenolewa, mtoto hana jina, na Semboja anatabasamu, safari hii kwa uso. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, msiinamishe vichwa. Sikio, akili, au kidole? Je, nani alistahili?