Adhana ya Mzee Kassimu

Wahenga waliotuachia methali isemayo mficha uchi hazai hawakung'ata maneno. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akibana miguu kwa kumwonea mkunga haya, atampoteza mtoto na huenda akaipoteza na roho yake. Ndivyo ilivyo kwa kila mwenye shida asiyetaka kuionyesha kwa anayeweza kuitatua. Haya ya wanawake tunaijua. Ya wanaume, hasa wazee wenye heshima zao, ndiyo iliyotaka kumzika Mzee Kassimu wa mtaa wa Lizaboni, mjini Songea.

Mzee Kassimu, Myao aliyehamia Songea kutoka Tunduru akiwa kijana, alikuwa muadhini kwa miaka ishirini na sita. Hata majirani Wakristo waliifanya sauti yake kuwa saa yao. Akina mama wakisikia adhana ya alasiri walibandika chungu cha jioni. Kwake yeye adhana ndiyo ilikuwa maisha. Alimwambia mkewe, Mwanaisha, kwamba siku atakayoacha kuadhini wamchimbie kaburi.

Maradhi yalimwingia kwa kunyata. Kwanza aliamka usiku mara mbili kwenda haja ndogo, baadaye mara tano. Alisimama chooni mpaka miguu ikafa ganzi, mkojo ukitoka kidogo kidogo na kukatika, na akigeuka tu matone yakamfuata kwenye kanzu. Matone hayo ndiyo yaliyomkata maini. Angewaitaje watu kwenye swala, naye nguo yake mwenyewe ina shaka ya najisi? Akasingizia koo, adhana akawaachia wengine, akawa anaswali safu ya nyuma.

Hakumuuliza shehe wala daktari. Kwa kinyozi alikuwa amesikia kwamba hospitalini huingizwa kidole nyuma, na kwamba ukishapasuliwa huwi mwanamume tena. Basi akaona dawa ni kuacha kunywa maji. Lo! Mtu mzima na akili zake anapigana na mkojo kwa kiu!

Julai ikaingia na baridi yake, ile ya kuvaa makoti mawili. Mzee akashikwa na mafua, akanunua vidonge dukani, akameza. Alfajiri ya pili akaenda chooni, halikutoka hata tone moja. Ilipofika saa tatu asubuhi alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtiririka, tumbo la chini limewambwa kama ngoma.

"Baba Zuhra, unaumwa nini?" Mwanaisha aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Tumbo tu. Litapoa."

Mwanaisha alitoka mbio akamwita jirani yao, Mama Notburga, mkunga mstaafu. Huyu alikuwa Mngoni, na kwa kuwa Wangoni na Wayao walipigana vita zamani wakaishia kutaniana, alikuwa mtani wa Mzee Kassimu, na utani wao ulikuwa hauna likizo. Aliingia, akaweka kiganja juu ya kanzu ya mgonjwa, na uso ukambadilika.

"Mateka wa babu yangu, tumbo hili ningelikuta kwa mwanamke ningemuuliza ni la miezi mingapi. Mkojo umetoka lini mara ya mwisho?"

"Niache, Notburga. Hayo si mambo ya kuzungumza na wanawake."

"Sawa. Ila mimi mtani wako. Siku ya msiba wako nina ruhusa ya kusema nitakalo, na hakuna wa kuninyamazisha. Nitasimama mbele ya waombolezaji wote niseme Kassimu kauawa na mkojo wake. Sasa chagua. Umwambie daktari mmoja leo, au mimi niwaambie watu mia tatu kesho."

Mzee alimtazama usoni akitafuta dalili ya mzaha, asiione. Alijua kwamba mtani huyo hashindwi.

"Iteni bajaji," alisema.

Hospitalini alimkuta daktari mwanamke, Noela, umri wake sawa na wa binti yake. "Shikamoo, babu," alimsalimu. Mzee aliitikia, kisha akageukia ukutani akaikamata kanzu yake kwa mikono miwili. Ndipo sauti ya Mama Notburga ikasikika kutoka nyuma ya pazia, safari hii bila utani.

"Kassimu, mkeo alikuzalia watoto watano mikononi mwangu. Siku ya kwanza nilikuwa mgeni kwake kabisa, naye akanivulia nguo. Angeificha aibu yake, leo nani angekuita Baba Zuhra?"

Mikono ya mzee ililegea. Akaanza kueleza yote: matone, kiu, vidonge vya mafua. Daktari alitikisa kichwa.

"Tezi dume ikikua huibana njia ya mkojo, babu. Baadhi ya dawa za mafua huikaza zaidi. Ndiyo maana leo njia imeziba kabisa."

Akampitishia mpira wa mkojo. Ilitoka lita moja na robo, na mzee akalia kama mtoto kwa nafuu aliyoipata. "Alhamdulillahi," alisema tena na tena. Kidole alichokiogopa miaka miwili kilimaliza kazi yake kabla hajamaliza kusoma Fatiha. Damu ilipimwa, akapigwa ultrasaundi. Tezi ilikuwa imekua sana, dalili za saratani hazikuonekana, lakini figo zilikuwa zimeanza kuchoka.

"Ungechelewa tena, tungekuwa tunazungumza habari nyingine," alisema daktari.

Alipewa vidonge, na wiki moja baadaye mpira ukaondolewa, lakini mkojo ukagoma. Ikabidi afanyiwe upasuaji, tezi ikapunguzwa kwa kifaa kilichopitishwa kwenye njia ileile ya mkojo. Kuhusu uanaume wake, msomaji asijisumbue, Mwanaisha hajalalamika.

Mwezi Oktoba, Ijumaa, Lizaboni ikaisikia tena sauti yake. Mama Notburga aliacha kuchambua mboga akasimama uani mpaka adhana ikaisha. Baada ya swala Mzee Kassimu alisimama mbele ya wanaume wenzake akawasimulia kila kitu, bila kuruka hata kidole. Hakuna aliyecheka. Wengi walitazama mikeka.

Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, aliguswa begani. Alikuwa Shehe Abdulatifu, imamu wao, ambaye mwaka mzima alikuwa akimsikitikia kwa ugonjwa wa koo.

"Kassimu," shehe alinong'ona, "huyo daktari wako, anapatikana siku zipi?"

Mzee Kassimu alimshika mkono wakatoka pamoja kutafuta bajaji, maana alikwisha kujifunza kwa mwili wake mwenyewe kuwa mficha uchi hazai.