Semboja na Jicho la Doria

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma, mmelala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, aliondokea mkulima mmoja, jina lake Semboja, na mbwa wake Doria. Semboja alikuwa na shamba moja la mahindi, na chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa humo. Doria alililinda. Nyani hawakuambulia hata bua.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi: mbwa akila, hatazamwi usoni. Kumtazama ni kumhesabia matonge. Na Semboja alikuwa mtu wa desturi kwelikweli. Alimwekea Doria ugali, akampa mgongo. Asubuhi mgongo, jioni mgongo.

Siku moja Doria akajigonga kwenye kinu. "Bwana, nitazame," akasema.

"Kula kwanza," akajibu Semboja, mgongo uleule. "Desturi ni desturi." Akakisogeza kinu, akamgombeza mkewe kwa kukiweka njiani.

Mara ya pili Doria akawa analikimbia jua, anajisugua uso ukutani. "Bwana, nitazame."

"Mbu hao. Desturi ni desturi."

Mara ya tatu machozi na matongotongo yakadondokea kwenye ugali, inzi wakajaa. "Bwana, nitazame."

"Mwaka huu inzi wengi," akasema Semboja. "Kula. Desturi ni desturi."

Basi mahindi yakaanza kupungua. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Semboja akamwita Doria mvivu. Kwenye mstari wa tatu akamkuta Nyani ameketi, hindi mkononi, na Doria yuko palepale analinda upande wa pili.

"Ewe Nyani! Umempitaje mbwa wangu?"

"Upande wa kulia," akasema Nyani, mashavu yamejaa. "Jicho lake la kulia lilikufa tangu palizi. La kushoto limeshaanza wekundu. Tunasubiri hilo tu, tulete na wakwe."

"Umejuaje wewe?"

Nyani akameza kwanza, maana alilelewa vizuri. "Sisi humtazama usoni kila asubuhi, Bwana Semboja. Kwani wewe humtazami?"

Lo! Semboja akachutama, akamshika Doria taya. Jicho la kulia jeupe kama tui. La kushoto jekundu, limefumba nusu. Aibu ikamshika, akalia mbele ya Nyani.

Jirani mmoja akaja mbio na maji ya tumbaku. "Mtie haya, dawa hii!"

"Anza na jicho lako," akasema Semboja. Jirani akarudi kwake na tumbaku yake.

Semboja akambeba Doria mabegani, akavuka vilima viwili mpaka kwa Mamhina, mganga wa mifugo. Mamhina akaliosha jicho la kushoto kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akachomoa ganda la nyasi, jembamba kama sindano.

"Hili umeliwahi," akasema.

"Na la kulia, mama?"

"La kulia lilikuita. Hukugeuka."

Wakarudi nyumbani. Nyani wakaja na wakwe zao, wakakuta macho matatu yanawatazama: mawili ya Semboja, moja la Doria. Wakageuka, wakarudi. Mama mkwe, nasikia, hakufurahi.

Jioni ile Semboja akaweka ugali, akaketi mbele ya Doria, akamtazama usoni. Kijiji kizima kikachungulia uani, kikaguna.

"Bwana," akasema Doria, "leo unanihesabia matonge?"

"Nakuhesabia macho."

"Ni mangapi?"

"Moja," akasema. "Nisamehe."

Doria akaendelea kula.

Basi, wanangu, funzo ndilo hilo: anayekulinda mtazame usoni kabla adui hajamtazama. Jicho likiwa jekundu, likitoa machozi, likilikimbia jua, usingoje la pili.

Hadithi yangu imejilaza hapa. Ikiwa tamu, ibebeni. Ikiwa chungu, niachieni nimalizie na chumvi.